Mbwa Alitibiwa, Aliyefagia Hakuambiwa

Siku ya kuniaga, mmoja wa wakubwa alisimama akasema miaka yangu ya mwisho kazini, ile ya Kibondo na Kasulu, ilikuwa miaka ya utulivu. Sikumjibu kwa sababu nilikuwa na pilau mdomoni. Sasa nimemeza. Nawaandikia ninyi mnaobaki na makoti meupe, mjue kwamba haikuwa miaka ya utulivu, na kwamba ndani yake kuna jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka chai inanipalia.

Habari za vyeo naziruka. Zingejaa nusu ukurasa, na nusu hiyo ingewachosha.

Nilifika Kibondo mwaka 2012 nikitokea Njombe, daktari wa mifugo wa shirika dogo ambalo jina lake nalihifadhi. Kituo chetu kilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, friji ya mafuta ya taa iliyotunza chanjo za kuku, hadubini iliyofunikwa kwa kanga, na Mzee Shabani. Mzee Shabani alikuwa fundi wa maabara, mtu wa Pangani aliyefuata mke Kibondo akabaki. Mimi nilikuwa na shahada na yeye alikuwa na macho. Siku ya kwanza nilimletea ng'ombe nikamwambia huyu ana ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, jina la ugonjwa kaa nalo mwenyewe. Mimi niletee damu."

Nikaleta damu. Haikuwa ndigana.

Alikuwa Mwislamu wa kushika dini, na kwa mbwa alikuwa na utaratibu wake: akimgusa mbwa au chochote kilichotoka kwa mbwa, ananawa mara saba, mojawapo kwa udongo, bila haraka, hata foleni ikifika barabarani. Vijana walimcheka. Mimi nilimwiga, kwa sababu zangu mwenyewe. Katika miaka yangu yote sijaona mikono mingine niliyoiamini kama ile, na ningependa wale waliocheka wanitajie mara ngapi wao walinawa hata mara moja.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa kituo chetu cha Kasulu, nikawa napanda na kushuka kati ya miji hiyo miwili kwa pikipiki ya shirika. Ni Kasulu ndipo nilipoanza kutibu kansa ya mbwa.

Kwa wageni wa jambo hili nieleze. Mbwa wana kansa moja inayoambukizwa kwa kupandana. Inaota sehemu za siri kama koliflawa, inatoa damu, inanuka, na mbwa wenzake wakimlamba inawashika hata puani. Kwa miaka mingi dawa yake vijijini ilikuwa rungu. Lakini ipo sindano, ileile wanayopewa watu wenye saratani ya damu, na kwa kansa hii ya mbwa inafanya kazi vizuri ajabu: mara moja kwa wiki ndani ya mshipa, wiki nne, tano, sita, na uvimbe unanyauka mpaka unaisha. Niliipata kutoka Mwanza kwa cheti changu, ikaja ndani ya boksi la barafu, nikaiweka kwenye friji kwenye rafu yake peke yake, nimeiandikia kwa kalamu nyekundu.

Mgonjwa wangu wa pili aliletwa na Mzee Gwimo kutoka Makere. Alimbeba ndani ya tenga nyuma ya baiskeli, jike la rangi ya mchanga, masikio yamesimama.

"Mwakeye, Daktari," akasalimu kwa Kiha, kisha akaingia Kiswahili. "Imbwa yangu hii inavuja damu. Watu wanasema niipige. Mimi nimekataa."

"Anaitwa nani?"

"Watasema."

Jina lilikuwa ujumbe kwa majirani waliodai hataweza kuezeka bati. Bati lilikuwa limeezekwa zamani, na ujumbe uliendelea kubweka. Lakini sababu ya baiskeli ile yote kutoka Makere ilikuwa nyingine. Shamba lake la mahindi lilipakana na pori, na ni Watasema aliyekesha akipigana na nguruwe pori. Msimu ambao mbwa hayupo, alisema, ugali unahesabiwa.

Nilimweleza matibabu. Nikamwambia nitakuwa nakuja mwenyewe Makere kila wiki, maana mbwa aliyechomwa dawa ile simtaki kwenye tenga akitapika njia nzima. Akafurahi mno.

Sindano ya kwanza nilimchoma chini ya mwembe, hapana, chini ya paa la jiko lao, mahali pasipo na upepo. Nilivaa glavu jozi mbili, aproni, miwani. Nilipitisha kwanza maji ya chumvi kwenye mshipa kuhakikisha hauvuji, kwa sababu dawa ile ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama mpaka mfupa. Halafu nikamkalisha Mzee Gwimo nikamfundisha. Mbwa anaweza kutapika siku mbili tatu na kukataa chakula. Manyoya hayatapukutika kama nywele za watu, pengine sharubu tu. Kinga yake itashuka, akiwa na homa nipigieni simu. Kisha neno kubwa: dawa inatoka na mkojo, mavi na matapishi kwa siku kadhaa. Mfungeni mahali pamoja, mbali na kisima, watoto wasifike. Anayesafisha avae glavu hizi, azike uchafu, anawe kwa sabuni. Na mwanamke mjamzito asiguse kabisa.

"Ego," ndiyo ya Kiha, alisema Mzee Gwimo kila nilipovuta pumzi. "Ego, Daktari."

Hatua nne kutoka pale, mwanamke kijana alikuwa anafagia uwanja. Alikuwa Adela, mke wa mwanawe Gwimo. Mume alikuwa Manyovu akipakia malori. Alinisalimu kwa kupiga goti, nikaitikia, akaendelea kufagia. Nilimwona. Nataka hilo lieleweke kabla sijawakasirikia wengine: nilimwona vizuri, nikaongea na mwenye mji.

Wiki ya pili nikaja tena. Uvimbe ulikuwa umeanza kusinyaa, Watasema akanibwekea kwa nguvu kama mtu aliyepona. Nilitazama damu yake kwenye hadubini, nikaridhika, nikachoma. Adela alileta maji ya kunawa. Nilinawa. Sikumuuliza kitu.

Kisha nikaitwa Kibondo kwa majuma mawili, kulitokea kichaa cha mbwa upande wa Kasanda na ilibidi tuchanje haraka. Sindano ya tatu na ya nne nilimwachia mwenzangu Fidelis.

Fidelis alikuwa amemaliza chuo miaka michache nyuma, ana mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Nilimfundisha kwa vitendo, nikamwandikia karatasi. Akanicheka kidogo.

"Daktari, na wewe bwana. Yaani tuvae kama wanaanga kwa ajili ya mbwa? Makere huko watatukimbia."

"Wakimbie. Vaa."

"Poa, usijali."

Niliporudi, nilikwenda Makere moja kwa moja na sindano ya tano. Niliisikia harufu kabla sijazima pikipiki. Watasema alikuwa amelala jikoni kando ya mafiga, mguu wa mbele umefungwa kitenge. Nilipofungua, ngozi ilikuwa nyeusi, imepasuka, nyama inaonekana. Dawa ilikuwa imemwagika nje ya mshipa.

"Nani amekuwa akimhudumia?"

Mzee Gwimo akaangalia chini. "Ni huyu mke wa mwanangu."

Adela alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Hakupiga goti safari hii. Alikuwa amejifunga kanga kifuani na uso wake umepungua.

Nikamuuliza alivyofanya. Alinieleza polepole, Kiswahili chake kikipita kwenye Kiha. Yule daktari mdogo alikuja mikono mitupu, bila glavu, akachoma, mbwa akarusha mguu. Akasema ukivimba ukandwe kwa maji ya moto. Basi yeye akaukanda kila asubuhi na kila jioni, kwa mkono wake na kitambaa, na kitambaa akakifua kwenye beseni la vyombo. Mbwa alitapika jikoni siku tatu. Akazoa kwa majivu na kiganja. Mkojo akaufagia. Wiki iliyofuata daktari mdogo akarudi, akachoma mguu mwingine, akatupa kichupa na sindano kwenye shimo la takataka ambako kuku huchakura.

"Na glavu nilizoacha?"

Adela hakuzijua. Mzee Gwimo alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi nazo. Zilikuwa ndani ya boksi lake, zimekunjwa vizuri kama shuka la wageni.

"Mzee, kwa nini hukumpa?"

"Daktari, huyu ni mkamwana wangu. Ugonjwa wenyewe uko wapi? Uko huko. Mkojo, huko, mimba... Nitamwambia nini mke wa mwanangu? Mimi baba mkwe? Siwezi kutamka."

Nilitaka kumpigia kelele, lakini nikaona alisema kweli. Mtu wa umri wake, katika mji wake, asingeweza kumwambia mkamwana maneno yale. Nilimpa mzigo ambao heshima yake ilimkataza kuubeba, nikapanda pikipiki nikaondoka nikijisifu kwamba nimeelimisha jamii.

Kisha Adela akasema, bila kuinua sauti: "Mimba yangu imetoka juma lililopita. Ilikuwa miezi minne. Wamenipeleka hospitali Kasulu, nimerudi juzi."

"Mama mkwe anasema nimeruka kitu kilichotegwa njiani. Jirani anasema ni imbwa, imeleta mkosi. Daktari, wewe ulikuja hapa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ulinisalimu. Maji ya kunawa mimi nilikupa. Mbona hukuniambia?"

Nilimwambia ukweli kama ulivyo: dawa ile imetengenezwa kuzuia vitu vinavyokua kwa haraka, na tumboni kila kitu kinakua kwa haraka, lakini mimba hutoka kwa sababu nyingi, na hakuna mtu, hata hospitali kubwa, atakayeweza kusema kwa hakika kama ni dawa au siyo. Nilimwambia si kuruka kitu wala si mkosi wa mbwa, na kwamba nitamwambia mama mkwe wake hivyohivyo siku hiyohiyo. Nilimwambia alipaswa kuambiwa, na hakuambiwa, na kosa ni langu.

"Mimi sikuwa najua kama kuna kitu cha kuuliza," alisema.

Nilifukua kichupa na sindano shimoni mwenyewe, nikavifunga. Nilisafisha mguu wa mbwa. Nilimkuta mama mkwe kisimani, nikasema nilichoahidi. Alinisikiliza mikono kiunoni, kisha akajitwika ndoo akaondoka.

Fidelis nilimkuta kituoni anakunywa soda. Nilimweleza yote. Kwanza alijitetea.

"Daktari, mbwa alirusha mguu, sasa mimi ningefanyaje? Na maji ya moto si ndiyo sahihi?"

"Ni sahihi. Mkono wa nani uliyatumia?"

"Sikujua kama ana mimba!"

"Uliuliza?"

Akaweka chupa mezani. "Karatasi yako haikusema niulize," akasema, na machozi yakaanza kumtoka kwa hasira. Nilikwenda kuichukua karatasi kwenye ubao. Ilieleza glavu, mshipa, kipimo kwa uzito wa mbwa, siku za kutapika. Mwishoni niliandika: *mweleze mwenye mbwa*. Mwenye mbwa. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mwanamke, nimefagia chini ya wanyama wa baba yangu utoto wangu wote, nikaandika hivyo.

Sasa sikilizeni ya meneja wetu. Nilipeleka taarifa. Akaisoma akiwa amesimama, akafunga mlango.

"Mama, hii imeandikwa vibaya."

"Nirekebishe wapi?"

"Hapa kwenye dawa. Andika mbwa alitibiwa minyoo. Mguu uliumizwa na waya. Mambo ya mimba hayahusiani na mifugo."

"Yanahusiana na sisi."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Siwezi."

"Basi unatafuta nini? Mbwa mwenyewe angepigwa tu tangu mwanzo, tusingekuwa na maneno. Wewe umebakiza miaka mingapi kazini?"

Nimewahi kupigwa teke na dume la ng'ombe nikavunjika mbavu mbili, na sikusikia maumivu kama yale. Mtu aliyesoma, mwenye binti zake, anakuambia kwamba kwa kuwa haiwezekani kuthibitisha, basi haikutokea. Nilimwambia taarifa ni hiyo na sahihi yangu iko chini, na kama anataka ya minyoo aiandike kwa mkono wake. Aliiingiza kwenye droo. Nakala nilimpelekea Adela, nikamsomea sentensi kwa sentensi huku Mzee Gwimo amekaa nyuma ya nyumba ili asisikie na asikie. Adela aliikunja akaiweka kifuani. Hakunisamehe kwa maneno, nami sikumwomba anifanyie na kazi hiyo.

Fidelis aliomba twende naye. Alikwenda, akapiga magoti mbele ya Adela, mwanamume wa chuo, akaomba radhi. Kwa majuma mengi baadaye alikuwa anasafiri kwenda Makere kufunga mguu wa Watasema kwa zamu yangu na yake. Sindano ya tano niliiacha. Kinga ya mbwa ilikuwa imeanguka na uvimbe ulikuwa umekwisha. Watasema alipona na kilema, akarudi shambani kwa miguu mitatu na nusu, na nguruwe pori hawakujua tofauti. Majirani waliosema ni mkosi walizoea tena kumsikia.

Karatasi ya ukutani niliichana nikaandika nyingine. Nilimpigia simu Mzee Shabani kule Kibondo, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri. Lakini mwanangu, kunawa hakufundishwi kwa karatasi. Mshike mtu mikono umnawishe."

Tangu hapo hatukuchoma sindano ile kabla hatujaketi na yule anayefagia, yule anayefua, yule anayemlisha mbwa, tena faraghani, mwanamke kwa mwanamke pale inapowezekana, tumnawishe mbele yetu. Meneja alisema tunapoteza muda. Tulipoteza muda mwingi sana, namshukuru Mungu.

Mwaka 2015, wakati Warundi walipokuwa wakivuka kwa wingi na mji wa Kasulu umejaa malori na mahema, aliniita bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga. Mbwa wake wa ulinzi, dume kubwa, alikuwa na kansa ileile. Nilifika na Fidelis. Nikaomba nizungumze na anayesafisha banda.

"Niambie mimi," alisema bwana yule. "Hao nitawaambia."

"Samahani, bosi. Namtaka mwenyewe."

"Mimi ndiye mwenye mbwa. Au hunielewi?"

Fidelis alikuwa ameshaanza kufunga boksi la dawa. Sikumwagiza. "Basi mbwa hatuwezi kumtibu," alisema kwa upole, akakaa juu ya boksi lenyewe.

Bwana alifoka. Alimtaja meneja wetu kwa jina, akatoa simu, akairudisha mfukoni. Mke wake alichungulia dirishani. Tukakaa. Mashine ilisaga debe zima kabla hajaita, "Leokadia!"

Alikuja dada wa kazi, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, unga umemjaa nyusi. Nilimwomba bwana atupishe, akasogea hatua tatu akasimama hapo, akiwa na haki zote za kusimama kwenye uwanja wake. Nikamweleza Leokadia kila kitu: matapishi, mkojo, glavu, siku ngapi. Nikamwambia kwamba akikataa, asilazimishwe, na kwamba kwa mwanamke mwenye mimba jibu ni moja tu, hapana.

Alimtazama bosi wake. Alimtazama mama mwenye nyumba pale dirishani. Kisha akaniangalia mimi, akavua glavu aliyokuwa ameshaanza kuijaribu, akanirudishia.

"Mimi sitaweza, Daktari," alisema. "Nina miezi miwili."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa anajua. Mwanamke wa dirishani alitoka nje akamshika Leokadia mkono akamwingiza ndani, na kwa majuma matano yaliyofuata mwenye mashine mwenyewe, amevaa glavu jozi mbili, alizoa mavi ya mbwa wake.